Naomba ushauri: usingizi hukatika usiku wa manane na haurudi

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Kwa miezi 4 sasa ninapata usingizi bila shida saa 4 usiku, lakini hushtuka saa 9 na kubaki macho hadi alfajiri, ilhali mtu mzima anahitaji kulala angalau kwa muda wa saa 7. Sipendi kukimbilia vidonge, hasa kwa kuwa baadhi yake huleta utegemezi. Nimeacha kunywa kahawa baada ya adhuhuri, kwani kafeini huchukua takribani saa 5 kupungua nusu mwilini, na simu huiacha sebuleni kwa sababu mwanga wake huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala; hatua hizo zimenisaidia kulala mapema, si kulala mfululizo.

Nimeelezwa pia kwamba anayekosa usingizi kwa dakika 20 hivi aondoke kitandani, akae penye mwanga hafifu hadi asinzie, kisha aamke saa ileile kila siku. Hapo ndipo ninaposhindwa, maana nikiinuka, mawazo ya kazi huinuka pamoja nami. Je, aliyewahi kufuata utaratibu huo alivumilia kwa wiki ngapi kabla ya kuona nafuu? Na je, kuandika mawazo jioni au kuvuta pumzi polepole kumemsaidia yeyote kurudi usingizini?