Huyu Murad Ali Shah wa Sindh alipandaje?

Kijiwe77: Wakuu, huyu waziri mkuu wa jimbo la Sindh kule Pakistani ana kichwa kweli au ni mtoto wa kishua tu?

Babu Chande: Vyote viwili mkuu. Babake Abdullah Shah alikalia kiti hichohicho 1993 mpaka 1996, ila dogo ni injinia kabisa, kapiga chuo cha NED pale Karachi halafu chuo cha Stanford Marekani, akaja kuwa waziri wa fedha wa jimbo, mpaka 2016 chama chao cha PPP kikampumzisha mzee Qaim Ali Shah aliyekuwa kwenye kiti, kikampa yeye

Mama Tatu: uraia wa Kanada nao uliwahi kumwekea kauzibe kwenye ubunge, akaukana ndo akarudi

Kijiwe77: Duh! Na 2024 kapewa tena, awamu ya tatu hiyo