Tumepewa ofa: gemu yetu iuzwe kwenye duka moja tu mwaka mzima. Tusaini?

Nahodha wa Chikongola (mleta mada)

Wakuu, habari za mchana. Tuko wawili, mimi na binamu yangu, hapa Chikongola, Mtwara mjini. Tumetengeneza gemu ya mbio za mashua kutoka Mikindani kwenda Msimbati, mchezaji anasoma upepo wa kusi na wa kaskazi ndipo atweke tanga. Toleo la kompyuta liko tayari, la simu limebaki kidogo.

Sasa kuna duka la gemu la mtandaoni, la nje, limetuandikia. Watatupa fedha kabla ya mauzo, kwa sharti kwamba mwaka mzima gemu isionekane kwingine kokote, iwe kwenye kompyuta au kwenye simu. Fedha hiyo ingelipa deni la kompyuta zetu na tungemaliza toleo la simu bila kusubiri wazee wauze korosho. Binamu anataka tusaini wiki hii.

Mimi nasita. Naona hata wakubwa wanaachana na mtindo huu. Microsoft, ambao Xbox ni mashine yao wenyewe ya kuchezea gemu, mwaka 2025 wamepeleka gemu zao za Forza Horizon 5 na Gears of War kwenye PS5, mashine ya mshindani wao Sony. Mwenye mashine anafungua mlango, sisi tusio na mashine tunajifungia ndani kwa faida gani? Naomba ushauri, hasa kwa mwenye uzoefu wa mikataba.

Pedi Nne

Mdogo wangu, nina banda la PS hapa Ligula, nikueleze ninachokiona. Vijana wangu wanacheza gemu za mpira, FC na eFootball, kuanzia asubuhi hadi nafunga. Gemu zote mbili zipo PlayStation, zipo Xbox, zipo kwenye kompyuta na kwenye simu. Hakuna aliyeniuliza gemu ipi inapatikana PS peke yake. Wanakuja PS kwa sababu wenzao wapo PS, na pedi ikiharibika fundi yupo. Mchezaji wa huku hatakufuata kwenye duka asilolijua, tena la kulipia kwa kadi. Atacheza kilichopo kwenye Android yake. Toleo la simu usilifunge kwa bei yoyote.

Mhasibu Shangani

Mleta mada, tutenganishe kwanza nani anafaidika, maana hapo ndipo watu wengi wanachanganya.

Mwenye mashine ana sababu yake. Nintendo walitoa Zelda: Tears of the Kingdom Mei 2023, kwenye mashine yao ya Switch tu, zikauzwa nakala milioni 10 kwa siku 3. Aliyenunua Switch kwa ajili ya Zelda atanunulia humo gemu za wengine pia, na Nintendo wana fungu lao katika kila mauzo. Kwao kujifunga bado kunalipa, na sioni dalili ya kuacha.

Sony nao walikuwa hivyo hivyo, ila gharama zimepanda mno. Nyaraka zilizovuja Desemba 2023 zilionyesha gemu yao ya Spider-Man 2 imegharimu takriban dola milioni 300. Fedha hiyo kuirudisha kwa wenye PS5 peke yao ni kazi. Tazama Helldivers 2: Februari 2024 ilitoka PS5 na kompyuta siku moja, ikauza nakala milioni 12 ndani ya wiki 12, na Agosti 2025 Sony wakaipeleka hadi Xbox kwa mshindani.

Sasa njoo kwa wanaofanana na ninyi, mchapishaji asiye na mashine. Square Enix walitoa Final Fantasy XVI na VII Rebirth kwanza kwenye PS5 peke yake. Mauzo hayakufika walipotarajia, na Mei 2024 wakatangaza kwamba sasa watatoa gemu zao kwenye mashine nyingi. Mchapishaji hapati chochote mashine ya mwenzake ikiuzwa. Anachopata ni ile hundi ya kujifunga. Kwa hiyo swali lenu ni moja: je, hundi inazidi mtakachokosa kwingine?

Jambo la mwisho, nalo liangalieni sana. Kesi ya Apple na Epic ya 2021 ilifichua kwamba mkataba wa Epic, ambao wana duka la gemu za kompyuta, uliohusu gemu ya Borderlands 3 ulifika dola milioni 146. Pamoja na fedha zote hizo, gemu ilifungwa miezi 6 tu, na kwenye kompyuta tu. Kwenye PS4 na Xbox One ilitoka siku ile ile. Ninyi mnatakiwa kujifunga mwaka mzima, na simu juu yake.

Dada wa Nachingwea

Hii ni kangomba, ndugu zangu. Mkorosho uko kwenye maua, mtu ana shida ya ada ya shule, tajiri anakuja na fedha taslimu anataja bei. Mnada ukifika mwenye shamba anabaki anatazama. Mimi nisingesaini.

Mzee wa Vifungu

Dada yangu, shikamoo ya umri tuiweke pembeni, hapo nakupinga kidogo. Korosho ikishauzwa imekwenda. Gemu inabaki yao, na baada ya muda wanaweza kuiuza tena. Tena gemu zinatoka kila siku. Vijana wawili wa Mtwara wanaweza kufungua milango yote na asipite mtu, kwa sababu hakuna anayewajua. Duka lililolipa fedha yake litawatangaza ili irudi.

Gemu ya Alan Wake 2 ililipiwa na Epic, ikatoka Oktoba 2023 bila kuingia Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta. Zaidi ya mwaka ulipita kabla waliotengeneza, Remedy, hawajaanza kupata mrabaha. Lakini gemu ilikamilika, na mishahara ya kipindi chote hicho ililipwa.

Ninachotaka kujua ni hiki: fedha mnayopewa itakatwa kwenye mauzo, au ni malipo ya kujifunga na mauzo yanaanza kuhesabiwa upya? Bila jibu la hilo hatuwezi kusema ofa ni nzuri au mbaya.

Nahodha wa Chikongola

Shikamoo mzee. Nimesoma tena na binamu kando yangu. Inakatwa kwenye mauzo. Hatupati kitu hadi irudi yote.

Mhasibu Shangani

Basi huo ni mkopo unaolipwa na gemu, na kujifunga mmewapa bure. Kataeni kwa sura hiyo.

Nahodha wa Chikongola

Tumekubaliana na binamu, tunawajibu leo usiku. Kompyuta tu, miezi 6, simu iwe huru. Na kama wanang'ang'ania mwaka, walete malipo ya kujifunga yasiyokatwa. Wakikataa, tutaitoa wenyewe, deni tutalilipa taratibu. Kuna kingine cha kuongeza?

Mzee wa Vifungu

Marahaba mwanangu. Kipo. Muda wa kujifunga uanze siku gemu inapotoka, na muweke tarehe ya mwisho ya kuitoa. Wakipitisha tarehe hiyo bila kuitoa, mkataba ufe na haki zote zirudi kwenu. Nisipoona kifungu hicho, hata miezi 6 siikubali. Wakijibu, wekeni hapa maneno yao kama yalivyo tuyasome pamoja, majina yao fichani.