Naombeni ushauri: nomino ya Kiingereza inafuatwa na kihusishi kipi?

Mwanagenzi
Wakuu, salaam. Kwa nini Waingereza wanasema "reason for the delay" lakini "cause of the delay"? Mbona sababu na chanzo ni kitu kilekile? Kuna kanuni hapa au tukariri tu?

KalamuKavu
Kariri, mkuu. Hakuna kanuni.

BiSarufi
KalamuKavu, usimkatishe tamaa mwenzio. Sisi tumezoeshwa vibaya na -a unganifu: sababu ya, suluhisho la, ongezeko la, mahitaji ya. Tukihamia Kiingereza, zote tunazimwagia "of". Wenzetu wanaangalia maana ya nomino. Ya kutaka au kuhitaji hupenda "for": demand for, need for, desire for. Ya kuathiri kitu kingine huchukua "on": effect on, impact on, influence on. Jibu na ufumbuzi ni "to": answer to, solution to, key to.
Za kupanda na kushuka ndizo tamu zaidi. "An increase in prices" inataja kilichopanda, "an increase of 10 percent" inataja kimepanda kiasi gani. Zote sahihi, kila moja na kazi yake.
Makundi haya yana watoro wake, lakini yanapunguza mzigo.

Mzee wa Koma
Chungeni na vitenzi. Nomino ni "emphasis on", kitenzi ni "emphasize" peke yake. "A discussion about the budget", ila "we discussed the budget". "Discuss about" na "emphasize on" zimezagaa hadi kwenye barua za wakubwa, na mimi zinanikera kweli.

Mwanagenzi
Asante Bi. Sasa mbona nimekuta "cause for concern"?

BiSarufi
"Cause of" ni kinachozaa tukio: the cause of the fire. "Cause for" ni haki ya kuhisi au kufanya jambo, yaani ipo sababu ya kuingiwa na wasiwasi. Hapo inasogea karibu na "reason for".

KalamuKavu
Haya, nimerudi nyuma kidogo. Ila daftarini usiandike "demand" tupu, andika "demand for" palepale. Ukikwama, British National Corpus, hazina ya matini za Kiingereza cha Uingereza, ina maneno kama milioni 100 ya matumizi halisi. Tafuta nomino yako humo uone inaandamana na nani. Usiamini utafutaji wa kawaida wa intaneti, makosa yetu nayo yamo humo.