Mrejesho: zile nyasi zangu zimechanua

Wakuu, niliuliza kuhusu nyasi nilizopanda mbele ya nyumba hapa Minneapolis, Sporobolus heterolepis, za asili ya mbuga za katikati ya Marekani. Zilikuwa zimedumaa, nikataka kujua nizing'oe au nizitilie mbolea. Mkaniambia niziache, kwanza zinajenga mizizi, na mbolea ingezifanya zilale tu.

Nimerudi na habari njema. Nilipalilia, nikamwagilia wakati wa ukame, basi. Sasa kila shina ni kichaka cha mviringo, majani membamba kama nywele yameinama pande zote. Mwezi wa nane zikatoa vishungi vyepesi vyenye harufu, na hapo ndipo tulipogawanyika nyumbani: mimi nasema giligilani, mama watoto anasema bisi zilizoungua. Jirani hasikii chochote!

Vipunje ni vidogo, ukigusa kishungi vinadondoka kiganjani. Sizikati sasa, rangi yake ya dhahabu ni tamu mno. Nitazifyeka theluji ikiyeyuka, kabla ya machipukizi. Aliyeomba mbegu aje achukue, ila azipande kabla ya majira ya baridi, maana zinataka kupigwa na baridi ndipo ziote.