Bendi ya roki Malindi: nitoe dau kamili au wachukue geti?

kijana_wa_casuarina
Wazee salaam aleikum. Nina ukumbi mdogo hapa Malindi, si hoteli, ni mahali pa kula na kunywa tu, ukitoa meza za kati wanaingia watu 80 wima, 100 ikiwa kila mtu karidhika kutoka jasho. Sasa kuna bendi ya roki ya Nairobi, watu wanne na fundi wao, wanateremka pwani mwezi wa kumi na mbili na wataka Jumamosi moja kwangu. Hapa tumezoea bendi za hoteli, zile za kuimbia watalii wakila kamba, na taarab ya harusi. Magitaa makali sijawahi kuyaweka. Wamenipa njia tatu: niwape dau kamili la 60,000 taslimu na geti yote, yaani pesa za kiingilio, iwe yangu, ama hawataki kitu mbele wachukue asilimia 70 ya geti mimi nibaki na 30 na baa, ama niwahakikishie 25,000 hata wakija paka wawili, lakini asilimia 80 ya geti baada ya gharama ikizidi hio 25,000 basi wachukue hio asilimia 80. Kiingilio nafikiria 500. Nichague ipi jamani maana mshirika wangu ashaanza kununa.

mama_wa_geti
Mwanangu piga hesabu kabla hawajapiga gitaa. Tuseme wameingia 70 wa kulipa, hio ni 35,000. Dau 60,000, ushatoboka 25,000 na hujalipa mlinzi wala mafuta ya jenereta. Baa itakuokoa? Kila mtu anywe tatu na wewe ubaki na faida ya mia kwa chupa, ni 21,000, bado uko chini. Hata ukijaza mia kamili geti ni 50,000, haifikii dau, wabaki kuomba Mungu watu wawe na kiu. Dau kamili ni la mwenye uwanja. Mwenye chumba aachane nalo.

mpiga_besi_mtwapa
Mama umenena, ila nisemee upande wa wapigaji manake huku watu husahau. Hio ya pili ya asilimia 70, kwa watu hao hao 70 ni 24,500. Gawa kwa watano ni 4,900 kila kichwa, hapo ndani kuna nauli ya Nairobi kuja na kurudi, kula, kulala, na nyuzi za gitaa ambazo kwa chumvi ya huku zaota kutu upesi. Watakuja mara moja kwa sababu ya bahari halafu hutawaona tena. Alafu geti tupu huleta ugomvi wa marafiki, bendi ina wageni wao kumi wa bure, wewe una binamu zako kumi, mkifunga hesabu usiku kila mmoja anamwangalia mwenziwe kwa jicho la pembeni.

Chukua ya tatu. Watu 70, toa gharama tuseme 8,000, inabaki 27,000, asilimia 80 yake ni 21,600 kwahivo wanachukua ile 25,000 na wewe wabaki na 2,000 na baa yote. Wakija 100 inabaki 42,000 baada ya gharama, wao 33,600 wewe 8,400. Hapo kila mtu ana sababu ya kubandika posta.

mama_wa_geti
Na wakija 30? Sema yote bwana. Geti 15,000, gharama 8,000, dhamana 25,000, umezama 18,000, baa ikurudishie 9,000. Ya tatu ni nzuri lakini si ya bure, na hizo gharama ziandikwe kwa karatasi moja moja mapema, bendi isije kukuta umewakata pesa ya kupaka rangi choo.

mpiga_besi_mtwapa
Kweli. Ndo maana dhamana waishushe, na njia ya kuishusha si kubembelezana, ni kuwatafutia kazi nyingine njiani. Kutoka Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120 na Kilifi iko katikati. Wapige Ijumaa Mombasa ama Mtwapa, Jumamosi kwako, Jumapili jioni Kilifi wakirudi. Nauli ya Nairobi ikigawanywa kwa kumbi tatu, kila ukumbi wapumua. Wewe mwenyewe piga simu kwa hao wenye kumbi, usingoje bendi, bendi hazijuani na watu wa huku.

fundi_mikisa
Mwabishana pesa na hakuna alieuliza dari iko juu kiasi gani 😂 Kijana, kuta zako ni za saruji tupu? Sakafu ya vigae? Basi shida yako itakuwa dramu. Mpiga dramu wa roki akichapa kwa nguvu zake anapita desibeli 100 bila maiki hata moja, kwa chumba cha watu 80 hio yatosha na kubaki. Usiweke maiki kwa dramu nzima, weka kwa ile kubwa ya mguu kama ni lazima, spika zako ziachie sauti za waimbaji. Manake mwimbaji hana amplifaya ya kwake, wapiga gitaa wanayo, na kila onyesho baya la roki nililosikia kwa chumba kidogo lilikuwa baya kwa sababu maneno hayasikiki.

Magitaa: watakuja na hadithi ya amplifaya ya wati 100. Mwambie akileta ya 50 atapungua desibeli 3 tu, sikio halioni tofauti kubwa, shida iko palepale. Waambie walete za wati 15 ama 20, wazipandishe juu ya kreti zikiangalia kichwa cha mpigaji mwenyewe, akijisikia vizuri atapunguza kwa hiari yake. Na dramu wasibebe. Tafuta seti ya kukodi hapo Malindi, makanisa na bendi za hoteli wanazo, mpigaji aje na visahani vyake, sneya (ile dramu ndogo ya mbele yake) na pedali. Weka zulia chini na tofali mbele ya dramu ya mguu, kwa vigae hua yatembea polepole mpaka inamkanyaga mwimbaji.

Lingine, friza ya soda isikae laini moja ya umeme na jukwaa. Kompresa yake ikishika, spika zinapiga "tak" na magitaa yanaanza kuvuma.

kijana_wa_casuarina
Friza iko nyuma ya jukwaa kabisa, soketi hio hio 🤦🏾 Shukran fundi. Dari ni makuti lakini kuta ni saruji pande tatu, upande wa nne ni wazi kwa bustani.

fundi_mikisa
Makuti ni bahati yako, yanakunywa sauti. Jukwaa liegemee ukuta wa ndani, spika ziangalie bustani. Ila sasa jirani ndio watasikia vizuri kuliko waliolipa.

yakhe_wa_mkomani
Na mimi nauliza kwanini wasifike Lamu. Sisi pia tuna masikio.

mpiga_besi_mtwapa
Yakhe Lamu na vyombo vya roki? Gari mwisho wake Mokowe, pale wapakia mashua, ukifika upande wa pili ni mkokoteni ama punda. Amplifaya ikipigwa na maji ya chumvi mara moja tu ndo basi. Ukija na ndege unatua Manda na bado ni mashua.

yakhe_wa_mkomani
Ndo nasema wasije na vyombo. Waje wawili na magitaa ya mbao, wapige juu ya dari ya nyumba ya wageni Shela, watu 40, mwisho saa tatu. Mjini kwenyewe hapana, nyumba zimebanana, misikiti kila kona, ukiwasha dramu mtaa mzima uko macho. Si kila roki lazima ibomoe ukuta. Bendi ya Duma ya Nairobi walipotoa albamu yao 2020 walikuwa watu wawili tu, hakuna dramu ya kubeba, ingawa hao kwa makelele hata mimi siwezi kuwaombea kibali huku haha

kijana_wa_casuarina
Wazo si baya, Jumatatu na Jumanne wako huru. Ntawauliza kama wawili watakubali. Lakini kibali nacho vipi, hapa kwangu huhitaji?

mama_wa_geti
Wahitaji. Kanuni za kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, baada ya hapo kiwango kinashuka chini sana, bendi ya roki haiwezi kukaa ndani yake hata wakipiga kwa vijiti vya meno. Kelele ni kazi ya kaunti tangu katiba ya 2010, kwahivo nenda ofisi ya kaunti wiki kadhaa kabla, usiende Ijumaa mchana. Leseni ya muziki pia iwe ya mwaka huu. Anzeni mapema, saundcheki, yaani kujaribu vyombo, saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja, nyamazeni magharibi na isha, bendi ipande saa mbili na nusu, imalize saa tano. Jirani wapelekee barua kwa mkono na namba yako ya simu, mtu akiwa na namba yako hapigi ya polisi kwanza.

Na geti weka mtu ambae si rafiki wa bendi wala binamu yako. Muhuri kwa mkono, till ya M-Pesa ya geti peke yake isichanganywe na ya baa, orodha ya wageni wa bure kumi basi, watano wao watano wako.

kijana_wa_casuarina
Nimewaandikia: dhamana 20,000 ama asilimia 80, nusu ya dhamana mbele, wati 20, dramu ya kukodi juu yangu. Wamekubali yote isipokuwa mpiga gitaa, asema bila ile ya wati 100 yeye haji.

fundi_mikisa
Mwambie aje nayo. Akifika aipitishe kwanza kule kwangu Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi, ntampa kibanda cha kuiweka mpaka Jumapili.