Indiketa ya kulia inapepesa mbio: nibadilishe flasha, niweke LED au nifumue waya?

UsukaniWaZamani:
Wakuu, naomba msaada wa kulinganisha. Gari ni la 1989, balbu zote za kawaida. Indiketa za kushoto hazina shida. Za kulia zinapepesa mbio, na usiku nikiwasha taa, ile ya nyuma inafifia huku taa ndogo ya jirani yake nayo ikianza kupepesa. Fundi anasema flasha, kile kidude kinachofanya indiketa zipepese, imekufa. Rafiki anasema niweke LED kote. Mimi nawaza kufumua waya zote za nyuma. Nianze na lipi?

WayaMwekundu:
Flasha usinunue, mkuu. Ni moja tu na inahudumia pande zote mbili. Ingekufa, kushoto nako kungezima. Mbio za upande mmoja maana yake umeme unaopita upande huo umepungua. Balbu ya indiketa ni wati 21, kwa volti 12 inavuta karibu ampea 1.75. Ikiungua moja kati ya ya mbele na ya nyuma, au soketi ikishika kutu, mzigo unashuka na flasha inakimbia.

Ila hiyo taa ndogo inayopepesa inanionyesha ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari) ya nyuma kulia ni mbovu. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi, unapenya kwenye balbu ya jirani. Chukua mita, weka ncha moja kwenye ganda la chuma la kitako cha balbu na nyingine kwenye hasi ya betri, washa indiketa na taa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, mwizi umemkamata.

BintiGereji:
Naunga mkono, lakini tusimvunjie fundi heshima, flasha nazo hufa. Zile za zamani za miguu miwili hutumia joto: kibamba cha metali mbili kinapata moto, kinajikunja na kukata umeme, kikipoa kinaunga tena. Miaka mingi ya kujikunja huchosha. Pande zote mbili zikigoma, chomoa flasha, unganisha matundu yake ya B (umeme wa betri) na L (kwenda kwenye taa) kwa kipande cha waya, kisha washa indiketa. Taa zikiwaka bila kupepesa, flasha ndiyo mbovu. Zisipowaka, angalia fyuzi, halafu swichi ya hazadi, ile ya kupepesa indiketa zote kwa pamoja. Magari mengi ya umri huo hupitisha umeme wa indiketa humo, na swichi isiyoguswa miaka hushika uchafu. Ibonyeze mara ishirini hivi uone.

Kilometa300:
LED niliweka mimi, najuta. Zinavuta umeme kidogo sana, hivyo flasha ikadhani balbu zote zimeungua. Nikaongeza rezista za omu 6, wati 50, ili mzigo upande. Zinapata moto kweli. Moja niliifunga karibu na plastiki ikaiyeyusha. Ukitaka LED, tafuta flasha ya elektroniki isiyojali mzigo, lakini ujue hutapata tena onyo la mbio balbu ikizima. Na LED juu ya ethi mbovu ni kufunika kidonda kibichi.

UsukaniWaZamani:
Nimepima: volti 2.6! Bolti ya ethi nyuma ya taa ilikuwa kutu tupu. Nimeisugua kwa msasa hadi chuma king'ae, nikabadilisha kishikizo cha waya, sasa inasoma 0.1. Nimehesabu mipepeso 82 kwa dakika, ndani ya ile 60 hadi 120 inayotakiwa. Flasha ni ile ile, na waya sikufumua hata mmoja. Asanteni sana, nilikuwa naogopa kukata kona usiku.

BintiGereji:
Safi. Paka grisi juu ya bolti hiyo kuzuia maji, halafu fungua na ya kushoto. Imenyeshewa mvua zile zile.