Dizeli: moshi mweupe asubuhi, mweusi ikipanda
Wakuu, Hilux ya dizeli ikiwashwa asubuhi inatoa moshi mweupe dakika mbili hivi. Ikipanda flaiova ya Tazara, mweusi tii na haivuti. Nianzie wapi?

– Mkuu, fungua ea klina (chujio la hewa) kwanza. Kisha mipira ya taabo (turbo, inayosukuma hewa kwenye injini): ikipasuka, hewa inavuja, dizeli inazidi, ndiyo huo mweusi.

– Mweupe wa asubuhi pima hita plagi (zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha) kwa mita ya umeme. Nzima husoma chini ya omu 2; iliyokatika haisomi kabisa. Ila moshi ukiendelea injini ikiwa ya moto na maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi (inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini). Usiendeshe!

– Nozeli (zinazopulizia dizeli kwenye silinda) zipimwe kwenye mashine, fundi asibahatishe.